Jiko la umeme la mtumba: pleti mbili zinawaka, mbili na oveni kimya (nipo Mtwara)

NuruWaKumimina

Wapendwa, habari za jioni. Naomba msaada kwa anayeyajua haya majiko, hasa mafundi wa huku Kusini.

Nipo Shangani, napika mikate ya kumimina, keki na skonzi za oda. Mkaa umenichosha. Kumimina inataka moto chini na juu, ukigeuza mgongo kidogo juu pameungua na katikati bado uji. Basi nikanunua jiko la umeme la mtumba, lile la kusimama, pleti nne za chuma juu na oveni chini, upana sentimeta 60. Limetoka Ujerumani. Shemeji yangu ndiye aliyelikagua Dar, na aliyeuza aliliwasha mbele yake, pleti zote nne zikapata moto na oveni ikawaka vizuri tu. Likapakiwa kwenye lori lililokuwa linakuja kufuata korosho, likafika bila mkwaruzo.

Huku lilipofungwa ndipo mambo yalipoanza. Pleti mbili za kushoto zinapata moto. Za kulia hamna kitu. Oveni hamna kitu, taa yake haiwaki, hata saa yake ya namba haionyeshi chochote. Aliyenifungia alikuta nyuma lina waya mnene wenye nyaya tano ndani: kahawia, nyeusi, kijivu, bluu na ya njano na kijani. Akasema mbili hazina kazi, akauondoa wote, akaweka waya wa nyaya tatu na plagi ya kawaida ya pini tatu. Limechomekwa kwenye soketi ya jikoni, ile ile ya birika.

Nikaita fundi wa pili. Akasema pleti mbili zimeungua njiani kwa kutikisika, elementi za oveni pia, na themostati. Vifaa vyote viagizwe Dar, nitoe laki mbili na nusu kabla ya ufundi. Mimi najiuliza, vitu vitano vinakufaje kwa safari moja na balbu hazijavunjika?

Jambo jingine, nikipika wali kwa pleti hizo mbili kwa pamoja, plagi inakuwa ya moto na ina harufu kama ya plastiki. Na nikiwa peku, nikigusa ubavu wa jiko nasikia linanitekenya kidogo.

Kibandiko cha nyuma kinasema 8.0 kW, 400 V 3N, na chini yake 230 V. Sijui maana yake ila nimenakili kama kilivyo.

KijanaWaMchauru

Pole dada. Vya mtumba ndivyo vilivyo. Ningekuwa mimi ningeliuza kwa wapima vyuma nihamie gesi, tena sisi gesi iko mlangoni hapo Mnazi Bay.

FundiNdoro

Dada Nuru, usitoe hiyo laki mbili na nusu. Na usilitumie tena hilo jiko leo, kwa sababu nitakazoeleza.

Kijana, kwanza nikuweke sawa. Gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa 1982, ni methani. Inakwenda kwenye mitambo ya umeme, viwandani na kwenye bomba la Dar. Ya mtungi unaobeba kwenye bodaboda ni gesi nyingine, inaletwa nchini kwa meli. Kwa hiyo anayepika kwa umeme hapo Mtwara ndiye yuko karibu zaidi na Mnazi Bay kuliko mwenye mtungi.

Turudi kwa dada. Jiko lako sioni dalili kwamba limekufa. Lina njaa. Umeeleza vizuri hata sikuhitaji kuliona: zile nyaya tano ndizo jibu. Kwa Wajerumani, jikoni hupelekwa umeme wa njia tatu. Kahawia, nyeusi na kijivu ni laivu tatu tofauti, yaani nyaya zinazoleta umeme, bluu ni nyutro inayourudisha, njano na kijani ni ethi ya usalama. Laivu ya kwanza inalisha pleti za upande mmoja, ya pili za upande wa pili, ya tatu inalisha oveni na saa yake. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya jiko na jiko, lakini wazo ni hilo. Hiyo 400 V 3N ya kibandiko ndiyo njia tatu, na 230 V ya chini yake inakwambia linakubali pia njia moja kama ya kwako. Aliyeuza bila shaka ana umeme wa njia tatu dukani, ndiyo maana kule liliwaka lote. Hakudanganya mtu.

Nyumbani kwako ni njia moja. Aliyekufungia alileta laivu moja, akaifunga kwenye teminali ya kwanza, ya pili na ya tatu akaziacha kavu. Hivyo theluthi moja ya jiko ndiyo inayokula, nyingine zinaangalia.

Kila jiko la aina hii nyuma lina kisanduku cha plastiki chenye teminali zilizoandikwa 1 mpaka 5 na alama ya ethi. Ukifungua kifuniko utakuta mchoro. Kwa njia moja, teminali 1, 2 na 3 zinaunganishwa kwa vibati vya shaba tunavyoviita linki, laivu inafungwa hapo. Teminali 4 na 5 zinaunganishwa zenyewe kwa zenyewe, nyutro inafungwa hapo. Ethi peke yake. Linki isivuke kamwe kutoka 3 kwenda 4, hapo umeunganisha laivu na nyutro na utasikia mlio wake mpaka Mikindani. Jiko likitoka kwenye njia tatu, mara nyingi linki za shaba huwa zimefunguliwa na kuchomekwa kwenye kijisehemu chake ndani ya kisanduku hicho hicho. Mwambie fundi apekue kabla hajakata waya wa kutengenezea nyingine.

SASA SIKIA. Usikubali mtu akuwekee linki hizo huku jiko bado liko kwenye plagi. Piga hesabu nami. Majiko mengi ya sentimeta 60 yana pleti mbili ndogo za milimita 145 na mbili kubwa za 180. Zenye kidoa chekundu katikati ni za moto wa haraka: ndogo wati 1,500, kubwa wati 2,000. Zisizo na kidoa ni 1,000 na 1,500. Ukiwa na 2,000 na 1,000 upande wa kushoto, hizo ni wati 3,000, gawa kwa volti 230, ni ampea 13. Plagi yako mwisho wake ni ampea 13. Iko ukingoni tayari, na kama skrubu imelegea au soketi imechoka ndiyo harufu unayoisikia. Jiko zima la kilowati 8 ni karibu ampea 35. Kuachwa kwa zile teminali mbili ndiko kulikoiokoa soketi yako mpaka leo.

Kinachotakiwa ni njia yake yenyewe kutoka meni swichi, isiyochangia na soketi wala taa. Waya wa shaba wa milimita 6 wenye ethi yake, breka ya ampea 32, na swichi kubwa ya jiko ya ampea 45 ukutani. Swichi ikae pembeni, isikae juu ya jiko, mkono uifikie bila kuvuka sufuria inayochemka. Kutoka kwenye swichi mpaka nyuma ya jiko tumia waya laini wa mpira wenye kori tatu, yaani nyaya tatu ndani, milimita 6, uufunge kwa kibano chake ili jiko likivutwa wakati wa usafi isivutike teminali.

Mtu atakwambia ampea 35 haziwezi kukaa kwenye breka ya 32. Kwa jiko la nyumbani tunahesabu ampea 10 za kwanza zote, zinazobaki tunachukua asilimia 30. Hizo 25 zinazobaki zinakuwa kama 7 na nusu, jumla 17 na nusu. Swichi ya jiko ikiwa na soketi ndani yake unaongeza 5. Sababu ni kwamba themostati ya oveni inakata na kurudisha muda wote, na pleti hukai nazo zote kwenye namba ya mwisho isipokuwa una maulidi.

Waya ukiununua, ukwangue ncha kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Beba na sumaku. Ikinata, rudisha mbio.

Na hilo la kutekenywa ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote. Maana yake kuna umeme kidogo unavuja kwenye bati la jiko na ethi yako haifanyi kazi, au haipo kabisa. Mchanga wetu wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri, na fimbo ya ethi iliyopigwa miaka mingi karibu na bahari inaliwa na chumvi, unakuta juu imebaki kichwa tu. Tafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, apime ethi kwa kifaa chake, na uwe na RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme ukianza kuvuja. Mpaka hapo, chomoa.

NuruWaKumimina

Shikamoo fundi. Nimesoma mara mbili, nikamsomea na mume wangu. Nimechomoa. Plagi kumbe pini moja imekuwa ya kahawia na plastiki imeanza kujikunja.

Kuhusu ethi, tumekwenda kuangalia nyuma ya nyumba. Waya umekatika kabisa kwenye fimbo, umeshikwa na kutu tu. Tumempata fundi mwenye leseni, anakuja na kipimo chake.

MtuWaNangurukuru

Fundi Ndoro, shikamoo. Naomba nidandie hapa hapa. Mimi niko Kilwa. Kuna mgeni alikuwa amepanga kwetu, ameondoka ameniachia jiko kubwa la Marekani, pleti zake ni zile koili za kuzunguka. Plagi yake ina miguu minne minene sijawahi kuiona. Kibandiko: 120/240 V, 60 Hz. Nikilifunga kama la dada Nuru itakuwaje?

FundiNdoro

Marahaba. La kwako ni kabila jingine, usilifunge kama la dada Nuru hata kidogo.

Nyumba ya Marekani inapata laivu mbili. Kila moja ukiipima na nyutro ni volti 120, ukizipima zenyewe kwa zenyewe ni 240. Koili na elementi za oveni zinakaa kati ya laivu mbili. Taa, saa, na mara nyingi bodi ya vitufe, zinakaa kati ya laivu moja na nyutro, yaani zinataka 120.

Sasa fundi asiyejua ataunganisha zile laivu mbili pamoja kwenye laivu yako, na nyutro kwenye nyutro, kama tulivyofanya juu. Matokeo yake koili hazitapata chochote, kwani pande zote mbili zina umeme ule ule, na taa na bodi zitapata 230 badala ya 120. Zitalia mara moja tu.

Kama jiko lako ni la vifundo vya kuzungusha tupu, halina bodi ya elektroniki, linafungika: laivu yako kwenye laivu yake ya kwanza, nyutro yako kwenye laivu yake ya pili. Koili zitapata 230 mahali pa 240, zitatoa kama asilimia 92 ya nguvu yake, hutaona tofauti. Teminali yake ya nyutro inabaki bila waya wa nje, nayo ufunike, kwa sababu kupitia balbu inaweza kuwa na umeme. Taa na saa uzisahau, uzikate. Angalia pia nyuma kama kuna kibati kinachounganisha nyutro yake na bati la nje la jiko, wenzetu wa zamani walifunga hivyo. Kiondolewe bila mjadala, na bati hilo la nje lipate ethi yake ya kweli.

Kama lina bodi ya vitufe vya kugusa, mtafutie mnunuzi anayetaka koili.

KijanaWaMchauru

Kumbe. Nafuta kauli yangu ya wapima vyuma.

NuruWaKumimina

Wapendwa, nimerudi na habari nzuri na mbaya.

Fundi mwenye leseni amevuta waya wa milimita 6, ameweka breka, swichi ya ukutani na RCD, fimbo mpya ya ethi imezamishwa. Linki tatu za shaba zilikuwa ndani ya kile kisanduku, zimebanwa pembeni na skrubu yake, kama ulivyosema. Pleti zote nne zinawaka! Saa ya oveni ikawa inapepesa sifuri tupu.

Oveni sasa. Mwanzo haikupata moto, taa inawaka lakini baridi. Kisha mwanangu akachezea vitufe, ikaanza. Ikapata moto kama dakika tano, halafu giza nyumba nzima. RCD imeshuka. Ukiipandisha na oveni imezimwa inakaa. Ukiwasha oveni inakaa kidogo, inashuka tena. Pleti hazina shida. Ndiyo ile elementi aliyosema fundi wa pili, au?

KijanaWaMchauru

Dada, jirani yangu lake lilikuwa hivyo hivyo, wakatoa waya wa ethi nyuma ya jiko, halikukata tena.

FundiNdoro

Kijana, futa na hiyo. Ukitoa ethi, umeme unaovuja hauendi kokote, unakaa kwenye bati kumsubiri mwenye mkono wa maji. Dada Nuru alishatekenywa peku. Jirani yako mwambie leo hii arudishe.

Dada, kuhusu saa: oveni nyingi za Ulaya zenye saa ya namba zinagoma mpaka uiweke saa au uitoe kwenye kazi ya kujiwasha yenyewe. Umeme ukikatika na kurudi itagoma tena. Tafuta kitufe chenye alama ya mkono, au kwenye nyingine ni vitufe viwili vya kati kwa pamoja. Huku kwetu kila mwenye oveni ya namna hiyo anastahili kuujua mkono huo, nimewahi kuitwa hadi Nachingwea kwenda kuubonyeza.

RCD kushuka ni jambo jingine. Ndani ya bomba la elementi kuna waya wa moto, na kati ya waya na bomba kumeshindiliwa unga wa magnesi oksaidi. Unga huo unapenda unyevu kama chumvi ya mezani. Jiko lililokaa muda kwenye kontena na stoo ya pwani linavuta unyevu kupitia ncha za elementi. Elementi ikiwa baridi inajikaza, ikipata joto unyevu unasogea, uvujaji unapanda, miliampea 30 zikikaribia RCD inakata. Inafanya kazi yake.

Zima swichi ya ukutani na breka. Fundi avute jiko, afungue bati la nyuma, atenge elementi ya chini kwa kutoa nyaya zake zote mbili na kuzifunga mbali na bati. Awashe. Ikikaa, mkosaji ni ya chini. Ikikata, rudisha hiyo, atenge ya juu. Akiwa na mega ya volti 500, kile kipimo cha kuonyesha uvujaji, ni haraka zaidi, apime kati ya mguu wa elementi na bomba lake. Chini ya megaomu moja, hiyo ina unyevu au imepasuka.

Na kabla hajakutangazia kwamba imeungua, apime omu kati ya miguu miwili. Chukua 230 mara 230 gawa kwa wati zake. Ya wati 1,100 isome kama 48, ya 900 kama 59, ya 2,000 kama 26 na nusu. Ikisoma hivyo, waya wa ndani ni mzima. Ikisoma haina mwisho, imekatika. Kipimo hicho hakigharimu hata shilingi, na ndicho ambacho fundi wako wa pili hakukifanya.

Ikiwa ni nzima kwa omu lakini inavuja, itolewe, ikaushwe kwenye oveni nyingine ya jirani, joto la 120 hadi 150, saa kadhaa, kisha ipimwe tena ikipoa. Mara nyingi inarudi. Ila iangalie bomba lote kwa mwanga kwanza. Penye uvimbe au ufa, usihangaike kukausha.

BiMikindani

Wanangu, mimi si fundi, ni mpikaji. Nuru mwanangu, hongera. Nina jiko kama hilo muda mrefu, nikupe ya jikoni.

Hizo pleti za chuma na upepo wa bahari hawapatani. Usizioshe kwa maji mengi. Ukimaliza kupika, futa kwa kitambaa kikavu, pleti ikiwa bado vuguvugu paka mafuta ya kula kidogo sana kwa karatasi, washa dakika moja, zima. Maji ya chumvi ya wali yakimwagika juu, yafute siku hiyo hiyo. Mimi ya nyuma niliiacha na sufuria ya pweza usiku kucha, imetoboka kutu ukingoni. Na sufuria iwe bapa chini, ya mviringo inachezacheza na kukulia umeme bure.

Mnaoogopa bili: kwa shilingi 10,000 napata uniti 28, yaani uniti kama shilingi 356. Oveni ya kilowati 2 hata ingewaka saa nzima bila kupumzika ni shilingi 712, na haiwaki saa nzima, inakata. Lakini kama mlikuwa kwenye ile bei ya chini ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na jiko hili mtazidi. Mimi nilishaongeza kwenye bei ya keki, hakuna aliyekimbia.

Kumimina weka rafu ya pili kutoka chini, moto wa juu na chini pamoja, digrii 180. Usifungue mlango kuchungulia.

NuruWaKumimina

Asante bi mkubwa, shikamoo.

Fundi, majibu: ya juu imesoma 59 kwa omu, mega ikasoma chini ya nusu. Tumeikausha kwa jirani, sasa ni zaidi ya 20. Ya chini omu ni 48, lakini ina uvimbe kwenye kona na ufa kama wa kucha. Kwa hiyo nahitaji moja tu. Hapa mjini nimezunguka maduka ya umeme, kuna za birika na pasi, za oveni hakuna. Nikiagiza Kariakoo niseme nini ili wasinitumie ya jiko jingine? Jina la jiko limefutika.

FundiNdoro

Kwa elementi, jina la jiko ni la mwisho. Wanaouza wanataka umbo.

Itoe, ilaze juu ya marumaru ya sakafu, weka rula pembeni, piga picha kutoka juu moja kwa moja. Kisha andika: upana wa nje, urefu kutoka bati lake la kufungia mpaka mwisho, umbali kati ya miguu miwili, umbali kati ya matundu mawili ya skrubu kwenye hilo bati, na urefu wa miguu inayotokeza nyuma. Hapo kwenye bati kuna namba zimegongwa, zisugue kwa sandpepa laini zisomeke, mara nyingi utaona 230V 1100W. Wati zikitofautiana kidogo si kitu. Ukipewa ya 1,200 chukua. Ukipewa ya 2,000 kataa, swichi na nyaya za ndani hazikuandaliwa kwa hiyo. Matundu ya skrubu yakiachana hata kwa milimita tano, kataa pia, mtu asikwambie utatoboa.

Siku ukihitaji swichi au themostati, hapo namba ndiyo kila kitu. Ya jiko la Ulaya huenda imetengenezwa na E.G.O. ya Ujerumani, ambao wanauzia watengenezaji wengi, ndiyo maana majiko ya majina tofauti yana swichi moja ndani. Swichi zao za kuzungusha namba huanza na 46, themostati 55. Piga picha ya namba, na piga picha ya nyaya kabla hazijachomolewa, kila rangi na mguu wake.

Muulize muuzaji akutumie picha ya elementi ikiwa juu ya rula kabla hujatuma hela. Aifunge kwenye kipande cha mbao au bomba la plastiki, isiviringishwe na gunia tupu, kwa sababu ikipinda kwenye buti la basi utafungua ufa mwingine. Jina na namba yako ya simu juu, risiti ya kifurushi akupigie picha. Basi la alfajiri unalipokea jioni. Wauzaji wa mtaa wa Gerezani, Dar, wana za kutolewa kwenye majiko mabovu, bei nusu, lakini elementi ya mtumba usinunue bila kuipima mega mbele yako, na mbele yako ni Dar.

Ikifika, fundi asitumie utepe wa plastiki wala konekta ya taa kule nyuma, joto litaziyeyusha. Vishikio vya chuma vile vile vya zamani, visafishwe kwa sandpepa, vikilegea vibanwe kwa koleo. Kisichokaza kibadilishwe, nyaya za ndani ni za kuhimili joto, asichanganye na waya wa nyumbani. Mara ya kwanza washa oveni tupu, digrii 200, nusu saa, madirisha wazi. Itatoa moshi na harufu, ni mafuta ya kiwandani.

NuruWaKumimina

Nimempata wa Kariakoo, matundu yanalingana, ya wati 1,200. Amepakia leo. Nikishafunga kuna kitu cha kurudia kukagua, au ndiyo basi?

FundiNdoro

Kimoja. Baada ya wiki chache za kupika, zima breka, hakikisha kwa kipimo hakuna umeme, fungua kile kisanduku cha nyuma na swichi ya ukutani, zile skrubu zote zikazwe upya, linki na laivu hasa. Shaba ikipata moto na kupoa inalala, skrubu iliyokazwa leo mwezi ujao inazunguka nusu raundi. Na ile soketi ya birika iliyochomwa na plagi usiirudishe kazini, nunua mpya.

MtuWaNangurukuru

Langu nimeangalia, ni la vifundo tupu, halina bodi, na kibati cha nyutro kipo. Fundi, namba yako ya kazi naipataje?

FundiNdoro

Nitumie ujumbe wa faragha. Wiki ijayo nina kazi Kilwa Masoko, nitapitia Nangurukuru.